Utaona

Jina alimpa Ambakisye, mwaka ule Mwakalobo
alipong'oa masale usiku na kusogeza mpaka
hatua tatu ndani ya migomba yetu.
Hakwenda barazani. Hakutukana.
Alikwenda Katumba, akarudi na mtoto wa mbwa
ndani ya koti la mvua,
na kila jioni akasimama uani akimwita
kwa sauti ya kufika ng'ambo:
Utaona! We, Utaona! Utaona, njoo ule!

Miaka kumi na mmoja. Sasa macho ya Utaona
yana rangi ya maji ya kuoshea mchele.
Kwanza nilidhani ni ukungu,
maana huku Tukuyu, mwezi wa sita,
ukungu huingia hata ndani ya sufuria.
Kisha akagonga ndoo.
Kesho yake akagonga ndoo ileile,
akaibwekea, kana kwamba ndoo ndiyo iliyomfuata.

Bwana mifugo alimmulika tochi, akaizima.
"Mama Lusajo, hapa hakuna dawa.
Ila usihamishe vitu."
Akakataa hela, akapanda pikipiki.

Basi nikawa mlinzi wa stuli na madumu.
Nikamwaga kokoto kuzunguka shimo la taka,
miguu yake isome kabla pua haijachelewa.
Kwenye ngazi ya jikoni nikasugua majani ya mkaratusi,
kwenye kizingiti cha mbele, mchaichai.
Nikajifunza kusema kabla ya kugusa:
ni mimi, nakuja, huu ni mkono.
Mjukuu wangu Tupokigwe, kila wafikapo kwenye ngazi,
humwambia, "Kunde!"
na mbwa huinua mguu.
Kwa nini kunde? Sijui. Mbwa hakuuliza.

Wapo waliosema, asiyeona atalinda nini?
Mmoja alitaja sumu kwa sauti ya kuomba chumvi.
Mwakalobo hakusema kitu. Alikuja na njuga ya ndama wake,
akainama kwa shida, magoti yake nayo yana umri,
akaniambia nifunge mguuni, mbwa ajue niliko.
Utaona akamnusa viatu, akamnusa vidole,
muda mrefu, kama anayesoma hati ya shamba.
Akatikisa mkia.
Nilikasirika kidogo, kwa niaba ya marehemu.

Lakini nilichotaka kueleza ni kiti.
Kiti cha Ambakisye, cha mninga, mkono mmoja umelegea,
kilikaa kati ya redio na dirisha.
Tulipomaliza matanga nilimpa shemeji,
akakifunga juu ya gari, kikaenda Kyela.
Sikuweza kukipita kila siku kikiwa kitupu.
Nilisahau agizo la bwana mifugo.
Au sikusahau.

Asubuhi Utaona alitoka jikoni,
akafika pale, akapunguza mwendo,
akapinda kushoto, akaizunguka
miguu minne ya hewa,
kisha akanyoosha hadi kwenye gunia lake.
Hakugonga kitu. Hapakuwa na kitu cha kugonga.
Kesho yake vilevile. Mwezi mzima vilevile.
Siku moja alisimama hapo, akainua kidevu
hadi kimo cha goti la mtu aliyeketi,
akangoja.

Nilimpigia shemeji. Kiti, alisema,
amekipaka vanishi, kinang'aa, hata sitakijua.
Nikamwambia basi, wasalimie.

Jana mvua ilikata umeme kabla ya chakula.
Nikatoka jikoni na sahani mkononi,
njuga ikilia mguuni, mbele yangu giza
kama la ndani ya gunia la viazi.
Nilipofika kati ya redio na dirisha
mguu wangu, wenyewe, ulipinda kushoto.

Nilisimama upande wa pili wa kiti.
Nikamwita, si kwa sauti ya kufika ng'ambo:
Utaona.
Njoo ule.